Nilivyomsemea Zuhura

Vumbi la mninga lina harufu yake. Ni kali kidogo puani, halafu kwa mbali ina utamu, na ikishaingia kwenye nywele haitoki kwa kuoga mara moja. Nyumbani kwetu Ng'ambo harufu hiyo ilikuwa kwenye mashuka, kwenye madaftari yetu ya shule, hata kwenye wali, kwa sababu karakana ya Baba ilikuwa upenuni mwa nyumba, na upepo wa Tabora wakati wa kipupwe hauna adabu, unaingia bila hodi. Baba alikuwa fundi seremala. Alitengeneza vitanda, na vitanda vyake vilikwenda mpaka Kitete kwa wauguzi wa hospitali, na vingine vilifungwa juu ya malori yaliyoshika njia ya zamani ya misafara kuelekea Ujiji. Alipenda kuwaambia wateja kwamba babu yake aliwachongea watu wa misafara masanduku ya safari. Sijui kama ilikuwa kweli au alikuwa anapiga chuku ili wavumilie kusubiri, maana Baba hakuwahi kumaliza kitanda siku aliyoahidi. Nataka kueleza miezi michache ya mwaka tulipokuwa kidato cha tatu, mimi na dada yangu Zuhura, kwa sababu katika miezi hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka juzi sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Zuhura alinizidi miaka miwili. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa kali, na ilipomwachia ilikuwa imeondoka na usikivu wake. Mimi nilipata akili nikamkuta hivyo, kwa hiyo sikumbuki siku niliyojifunza kuzungumza naye, kama mtu asivyokumbuka siku aliyojifunza kutembea. Wazazi wetu walikuwa na alama chache za kumwelekeza: njoo, kula, kaoge, mgeni, swala. Sisi wawili tulikuwa na nyingine mamia, tulizozitunga wenyewe chini ya kitanda na juu ya paa la banda la kuku. Kila mtu mzima mtaani alikuwa na jina lake la mikono, na majina mengine hayakuwa ya heshima hata kidogo. Mama alikuwa kuvuta kanga kichwani. Jirani yetu mmoja alikuwa kukuna tumbo. Baba alikuwa kidole nyuma ya sikio, kwa sababu hapo ndipo ilipokaa penseli yake tangu asubuhi mpaka anapokwenda kuoga. Majina hayo tuliyaficha. Kumbatiza mzazi wako jina la utani ni utovu wa adabu, liwe la mdomo au la mikono, na tulijua kwamba yangegundulika tungechapwa wote wawili. Hata mbele yao tulipoyatumia, tuliyatumia haraka, kama mtu anayejikuna.

Mama ndiye aliyenipa kazi ya kumsemea. Hakunikalisha chini kunipa; alisema tu siku moja, nikiwa na miaka kama sita, "Nenda na dada yako dukani, wewe ndiye mdomo wake," na tangu siku hiyo ikawa hivyo. Nilikuwa mdomo wake dukani, zahanati, harusini, na alipoandikishwa kuchelewa katika shule yenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu, tukaenda pamoja darasa moja ili niwe mdomo wake na huko. Utotoni kazi hiyo ilinipa kichwa kikubwa. Watu wazima walinisubiri niwaambie. Lakini mtu akiachiwa kusema maneno ya mwenziwe kwa miaka tisa bila wa kumkagua, anaanza kuyapunguza na kuyaongeza. Zuhura akieleza kwa urefu kwa nini hataki kitambaa cha kijani, mimi nilisema, "Hakitaki." Akiuliza maswali matatu, niliuliza moja, jingine nikalijibu mwenyewe. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa nachoka, na nilitaka twende nyumbani.

Mwaka ule alikuja mwalimu mpya wa kitengo, Mwalimu Kashindye, mwanamke mrefu wa Lusu, kule Nzega, mwenye sauti ya polepole na Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyamwezi ambayo wenzangu waliigiza wakati wa mapumziko. Alituambia tangu wiki ya kwanza kwamba kaka yake naye ni kiziwi, kwamba amechunga ng'ombe wa baba yao tangu utoto mpaka mvi, na kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyemuuliza kama anapenda ng'ombe. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, halafu akagawa madaftari. Kila mwanafunzi wa kitengo alikuwa na daftari lake, na halikuwa la hesabu wala la jiografia. Liliandikwa anachoweza mwanafunzi huyo, kinachomshinda, anachotaka kuwa akimaliza shule, na hatua za kumfikisha huko, moja moja, na hatua za huyu hazikufanana na za yule. Kijana mmoja aliyezaliwa na mkono mmoja alikuwa anajifunza kusonga ugali sufuria ikiwa imebanwa kwa miguu. Msichana mmoja ambaye masomo yalimwingia kwa shida sana alikuwa anajifunza kutoka shuleni mpaka sokoni na kurudi peke yake, na mwalimu alimfuata wiki nzima kwa mbali, akiwa amejifunika ushungi ili asitambulike. Sisi tuliosikia na kuona tulicheka. Tuliona si masomo hayo.

Kwa Zuhura, hatua ya kwanza ilikuwa kujitegemea bila mimi. Mwalimu alimfundisha lugha ya alama ya vitabuni, ambayo ilikuwa tofauti kabisa na yetu, na alimfundisha kuandika sentensi fupi kwenye vikaratasi. Siku moja alimtuma zahanati peke yake na kikaratasi kilichosema, "Mimi ni kiziwi. Tafadhali niandikie." Zuhura alirudi akiwa na dawa ya macho na uso wa mtu aliyerudi kuhiji. Alinionyesha kikaratasi kilichojaa mwandiko mbovu wa daktari, aliyemwandikia mara nne. Nilifurahi kwa ajili yake, na papo hapo nikahisi kitu kama wivu, nikakimeza. Kusoma kulimpa shida bado. Alijua maneno, lakini sentensi ndefu zilimkimbia, na kuandika mawazo yake mwenyewe kulimchukua nusu saa kwa mstari mmoja. Kwa mambo mazito, mwalimu mwenyewe alikiri, bado alinihitaji.

Jumamosi Zuhura alikuwa karakana. Alianza kwa kufagia maranda, akaishia kupiga msasa, na kufikia mwaka ule Baba alikuwa anamwachia miguu ya vitanda aimalizie yeye. Alikuwa na mkono wa ajabu. Alipitisha kiganja juu ya ubao ambao Baba na kijana wake wa kazi walishauona laini, akasimama mahali fulani, akagonga mara mbili kwa kidole, na kweli hapo palikuwa na mkwaruzo. Aliweka kiganja juu ya benchi wakati Baba anakata, akajua msumeno umeanza kuwa butu kabla Baba hajaona. Wawili hao hawakuwa na alama hata ishirini baina yao, lakini sikuwahi kumwona Baba akiomba patasi siku Zuhura alipokuwepo. Ilikuwa tayari mkononi mwake. Mimi nilikaa mlangoni na kitabu, nikisubiri wateja waje niwatafsirie. Siku moja Baba alipuliza vumbi kwenye randa, akasema bila kunitazama, "Huyu angekuwa fundi. Akipata mtu wa kukaa naye hapa amsemee kwa wateja, angekuwa fundi kunishinda."

Maneno hayo yalinikaa kifuani kama kipande cha muhogo mkavu. Mtu wa kukaa naye hapa alikuwa nani kama si mimi? Nilikuwa na mipango yangu. Nilikuwa wa pili darasani, na walimu walishaanza kunitajia shule za bweni za kidato cha tano, mbali, Morogoro, Kilimanjaro, mahali ambapo nisingenuka mninga. Nilishajipangia kichwani kitanda cha juu, sanduku la bati lenye jina langu, marafiki ambao wangenijua mimi kama mimi. Sikumwambia mtu. Lakini kila Zuhura alipoingia karakana na kufunga kitambaa kichwani, niliona mlango wa shule hiyo unasogea mbali kidogo. Nilimpenda dada yangu, na nilimchoka, na umri wa miaka kumi na mitano haukunipa nafasi ya kumweleza mtu yeyote kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Mwalimu Kashindye alikuja nyumbani mwezi wa nane, alasiri, baada ya swala. Alikuwa anazunguka kwa wazazi wote ili ukurasa wa "anachotaka kuwa" uandikwe mbele yao, maana alisema mipango ya shuleni isiyojulikana nyumbani hufa mtoto akivuka kizingiti. Mama alitandika mkeka sebuleni, akaleta chai na karanga. Baba alitoka karakana akiwa ameshanawa, lakini vumbi lilibaki kwenye nyusi. Mwalimu alimwamkia shikamoo, Baba akaitikia marahaba kwa kunyenyekea kidogo, kama wanavyofanya wazee wasiosoma mbele ya walimu hata wakiwa wamewazidi umri. Zuhura alikaa upande mmoja, Baba upande wa pili. Mimi nilikaa katikati.

"Mzee, nimemuuliza Zuhura shuleni, akanijibu kwa alama moja siijui," alisema mwalimu. "Si ya vitabuni. Nadhani ni yenu ya hapa nyumbani. Nikaona nisikisie. Muulize tena, binti, mbele ya wazazi. Muulize akimaliza shule anataka kufanya nini kila siku."

Nilimuuliza. Niliuliza vizuri, bila kupunguza neno. Zuhura hakufikiri hata kidogo. Aliweka kidole nyuma ya sikio lake, akajigusa kifua, halafu akazungusha mkono, alama yetu ya kila siku, kila siku. Uso wake ulikuwa umechangamka. Kwangu ilikuwa wazi kama mchana: nataka kuwa kama Baba, siku zote. Mama alimwona akigusa sikio, akainamisha uso, akidhani mwanawe analalamikia masikio yake. Baba naye alitazama chini. Hakuna hata mmoja wao aliyelijua jina lile.

"Amesemaje?" aliuliza mwalimu.

Ningependa kusema kwamba nilisitasita. Sikusitasita. Jibu lilikuwa limeshaiva, na sikujua limeiva lini.

"Anasema anataka kushona nguo," nilisema. "Awe na cherehani yake, hapa hapa barazani."

Nilichagua kushona kwa sababu ndiyo kazi waliyopewa wasichana wote wenye ulemavu niliowajua, na kwa sababu mshonaji hukaa nyumbani, na mteja huja na kitambaa na nguo ya kupimia, na Mama angekuwa karibu. Hakuna ambaye angehitaji kuachwa Tabora kwa ajili hiyo.

Baba aliinua kichwa. "Kushona?" Alizungusha kikombe cha chai. "Mimi nilidhani anapenda mbao. Nilikuwa nimeshajiambia moyoni kwamba karakana hii ni yake." Kisha akatikisa kichwa, akatabasamu bila furaha. "Haya. Ameulizwa, amejibu. Nisimlazimishe mtoto wa watu kurithi vumbi."

Mwalimu aliandika. Alikuwa mtu mwangalifu. Aligeuza daftari likamwelekea Zuhura, akamwekea kidole chini ya neno kushona, ili naye atie jina lake. Zuhura alilitazama. Akanitazama mimi. Akamtazama Baba, aliyekuwa anatikisa kichwa kukubali. Nilijiambia kwamba mwandiko wa mwalimu ni mgumu, kwamba hajaelewa, kwamba wiki ijayo nitatafuta namna ya kusawazisha. Akatia jina lake polepole, herufi kwa herufi.

Wiki ijayo haikufika. Mwalimu alimuuliza tena shuleni, kwa alama za vitabuni, kama kweli anataka kushona, na Zuhura alisema ndiyo. Nilipolisikia hilo nilipumua. Nilijishawishi kwamba labda ameipenda. Cherehani ililetwa kabla ya mvua za kwanza, na Baba aliitengenezea meza kwa mikono yake, akaipiga vanishi mara tatu, jambo ambalo hakulifanyia hata kitanda cha sheikh. Zuhura aliipokea kwa kuinamisha kichwa. Jumamosi iliyofuata hakuingia karakana. Wala ile iliyofuata. Baba aliacha kitambaa cha Zuhura cha kufunga kichwani kikining'inia msumarini kwa miezi, kisha siku moja alikitumia kupakia gundi. Chai ya saa nne ya Jumamosi, ambayo kwa miaka yote Zuhura ndiye aliyempelekea, sasa aliipeleka Mama. Nyumbani walisema msichana amekua, ameanza kuona haya kukaa na wanaume. Mimi niliwasikia wakisema hivyo, nikaitikia.

Nilikwenda shule ya bweni. Nikaenda chuo, nikapata kazi Dodoma, nikapata mume na watoto. Zuhura akashona. Siwezi kujificha nyuma ya hadithi ya kwamba aliharibikiwa, wala nyuma ya ile ya kwamba yote yalikuwa heri. Ni fundi mzuri, sare za shule mbili za msingi zinatoka kwake, ana wasichana wawili anaowafundisha, na wateja humwandikia kwenye simu. Lakini ni fundi anayefunga cherehani saa kumi na moja kamili na kuifunika kitambaa, na sijawahi kumwona akiigusa kwa kiganja namna alivyogusa ubao. Baba alizeeka, macho yakamsumbua, karakana akaipangisha kwa mtu wa kuchaji simu. Alipoulizwa kwa nini hakumwachia mtu ufundi wake, alisema watoto wake wana mioyo yao.

Baba alifariki mwaka huu. Nilikuja kwa arobaini yake, na siku moja kabla ya dua nilikwenda na Zuhura kwenye ile shule yetu, kwa kuwa walimwita azungumze na wanafunzi wa kitengo kuhusu kazi. Mambo yamebadilika. Kuna mkalimani wa alama ambaye si ndugu wa mtu yeyote, na nilielezwa kwamba ni makusudi: hawaruhusu tena dada au mama kutafsiri siku ya kuandika mpango wa mwanafunzi. Mwanafunzi anaulizwa kwa mara ya kwanza peke yake, kisha mbele ya wazazi, na mpango unarudiwa kwake kwa lugha yake mpaka aseme ndiyo, ndivyo nilivyosema. Mwalimu kijana aliyetueleza hayo hakuelewa kwa nini niliomba maji.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia. Tulikuwa jikoni, tunachambua mchele wa dua, na ilibidi niweke ungo chini ili mikono iwe huru. Nilimwambia siku ile, mkeka, swali, alichosema, nilichosema. Nilimwambia na kuhusu shule ya bweni. Mikono yangu ilikuwa imeshapoteza alama zetu nyingi. Ilibidi nyingine nizitafute.

Zuhura alisikiliza kwa macho mpaka mwisho. "Najua ulidanganya," alisema. "Nilisoma. Neno kushona nilikuwa nalijua."

Nilimuuliza kwa nini alitia jina. Kwa nini alimwambia mwalimu ndiyo.

"Nilimwona Baba anakubali. Nilidhani ni yeye aliyekutuma. Nilidhani hanitaki mle ndani, ila hakuweza kuniambia, akakutumia wewe." Alitazama mchele. "Halafu akaniletea cherehani. Nikasema, kumbe kweli."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Kwa miaka yote nilikuwa nimejihukumu kwa kumnyima kazi. Aliyenyang'anywa baba sikumwona, ingawa nilikaa naye nyumba moja na kumwona akiacha kupeleka chai. Niliangua kilio, na Zuhura hakunibembeleza, na nilishukuru kwamba hakunibembeleza.

Baadaye aliniuliza Baba alisema nini hasa, siku ile, kabla hajatikisa kichwa. Nilimwambia: alisema alidhani unapenda mbao. Alisema alikuwa ameshajiambia moyoni kwamba karakana ni yako. Akaniomba nirudie. Nilirudia, neno kwa neno, sikuongeza na sikupunguza. Akaniomba mara ya tatu, nikarudia, kisha akachukua ungo wake na kuendelea kuchambua, machozi yakimtoka bila sauti.

Nikikaa na watu wakaanza kusema kwamba zamani watoto kama Zuhura hawakuulizwa wanataka nini maishani, kwamba ni siku hizi tu ndipo shule zimeamka, huwa nanyamaza. Zuhura aliulizwa. Alijibu bila kusita, mbele ya baba yake, na baba yake alikuwa tayari kumpa alichotaka. Kati yao nilikaa mimi.